Josef Albers na miraba yake: mchoraji, au mwalimu tu?

Mwalimu mmoja wa sanaa wa shule ya sekondari ameniandikia hivi: "Niliwaonyesha wanafunzi wangu wa kidato cha tatu picha ya Josef Albers, ile ya miraba ya njano iliyopangwa mmoja ndani ya mwingine. Darasa zima lilicheka. Mmoja akasema hata mdogo wake wa chekechea anaiweza. Nikatafuta la kujibu nikakosa. Huyu bwana alikuwa mchoraji kweli, au alikuwa mwalimu tu aliyebahatika kupata jina? Na kama mbinu zake zina faida, nitazitumiaje kwa darasa la watoto sitini wasio na rangi wala brashi?"

Mwalimu, asante kwa swali, na nianze na hicho kicheko. Wanafunzi wako wana haki yao. Kuchora mraba ndani ya mraba ni kazi ya dakika tano, na Albers mwenyewe asingebishana nao. Hakutaka asifiwe kwa umbo lile. Alilichagua kwa sababu halina hadithi yoyote: jicho linalimaliza mara moja, kisha linabaki na rangi peke yake. Shida ni kwamba ile picha ni jibu, na darasa lako lilipewa jibu kabla ya kuulizwa swali. Kuhusu uchoraji na ualimu, kwa maoni yangu hakuna namna ya kuvitenganisha kwa mtu huyu, na nitakueleza kwa nini. Mambo ya darasa lako nitayafikia mwishoni.

Albers alizaliwa tarehe 19 Machi 1888 huko Bottrop, mji wa machimbo ya makaa ya mawe katika eneo la Ruhr, Ujerumani. Baba yake, Lorenzo, alikuwa fundi rangi wa nyumba, na mkono wake haukushindwa na useremala wala kazi nyingine za ufundi. Upande wa mama walikuwa wahunzi. Mpaka uzeeni Josef alipenda kusimulia somo alilopewa na baba yake kuhusu kupaka mlango: anza katikati, uje nje. Ukianzia pembeni, rangi itachuruzika na mkono wako utagusa ulikokwisha kupaka. Miraba yake yote maarufu aliipaka hivyo hivyo, wa katikati kwanza. Watu walipomuuliza sanaa yake imetoka kwa nani, alimtaja baba yake kabla ya mchoraji yeyote mwenye jina kubwa. Naamini hakuwa anatania.

Mwaka 1908 alianza kufundisha shule za msingi, Bottrop na maeneo ya jirani. Huu ndio mwaka ninaotaka uushike. Hakuwa msanii aliyekosa wateja akakimbilia chaki. Alikuwa na chaki mkononi akiwa na miaka 20, na cheti cha kufundisha sanaa alikipata Berlin mwaka 1915, kabla hajauza picha inayokumbukwa na mtu. Alisoma pia Essen na Munich. Mwaka 1920 akiwa na miaka 32, umri ambao wenzake wengi wameshatulia kwenye ajira, aliacha kila kitu akaenda Weimar kuanza upya kama mwanafunzi wa Bauhaus, shule ya sanaa na ufundi iliyofunguliwa mwaka mmoja kabla na msanifu majengo Walter Gropius.

Fedha hakuwa nazo. Rangi na turubai vilikuwa ndoto. Basi akachukua nyundo na mkoba wa mgongoni, akaenda jaa la taka la mji, akaokota vipande vya chupa na vitako vyake, akarudi navyo na kuvipanga kwa waya na vyuma vyembamba hadi vikawa picha za kuangaliwa zikiwa na mwanga nyuma yake. Walimu walitaka aingie kwanza karakana ya uchoraji wa ukutani. Aligoma. Vile vioo vya jalalani vilipoonyeshwa, alipewa nafasi yake na kazi ya kuifufua karakana ya vioo. Mwaka 1923 Gropius akampa wanafunzi wapya awafundishe matumizi ya vifaa, na shule ilipohamia Dessau mwaka 1925 akawa mmoja wa wanafunzi wa kwanza wa pale kupandishwa kuwa walimu kamili. Mwaka huo huo alimwoa Annelise Fleischmann, mfumaji ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Anni Albers. Yeye anastahili jibu lake peke yake. Hapa nitasema tu kwamba mwaka 1949 alikuwa mfumaji wa kwanza kupewa maonyesho yake binafsi katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York.

Kuhusu jinsi alivyofundisha Dessau, tuna simulizi ya mwanafunzi wake, Hannes Beckmann, na nitairudia kwa kirefu kwa sababu inajibu swali lako kuliko maelezo yangu yote. Albers aliingia darasani na rundo la magazeti, akamgawia kila mtu. Akawaambia kwamba wao si matajiri, ni maskini, na hawana ruhusa ya kupoteza kitu wala muda. Kila mmoja alichukue gazeti lake alifanye liwe zaidi ya lilivyo sasa, aiheshimu karatasi, na ikiwezekana asitumie mkasi wala gundi. Akaondoka. Aliporudi baada ya saa kadhaa alikuta majumba, ndege, vinyago, wanyama, vyote vimefinyangwa kwa ustadi. Akaviita mambo ya chekechea: vingi, alisema, vingetoka vizuri zaidi kwa kitu kingine. Kisha akasimama mbele ya kazi ya kijana mmoja ambaye alikuwa amekunja tu karatasi yake kwa urefu, ikasimama wima. Hii, akawaeleza, ndiyo karatasi iliyoeleweka. Karatasi ni laini, ukiilaza inalala, na huyu ameifanya isimame kwa ukingo wake mwembamba kabisa. Isitoshe, ikilala mezani unaona upande mmoja, ikisimama unaona pande zote mbili.

Tazama alichofanya hapo, Mwalimu. Hakutoa mhadhara wa uzuri wala kuwaonyesha picha za wakubwa. Alitoa kitu kimoja cha bure, akaweka sharti, akatoka nje. Aliporudi akasifu jambo dogo kabisa lililopatikana kwa hasara ndogo kabisa. Miaka yote hamsini iliyofuata alibaki hapo hapo, darasani na kwenye picha zake.

Kipindi hicho pia alibuni samani, na kuna seti moja ya mwaka 1927 hivi ambayo huwa nawaonyesha watu wanaodhani miraba ilizuka ghafla uzeeni: meza nne za ukubwa tofauti, kila moja na kioo cha rangi yake juu, zinazoingia moja chini ya nyingine. Anayetaka kuona mwanzo wa miraba na azitazame hizo.

Mwaka 1933 Wanazi waliibana Bauhaus hadi ikafungwa. Anni alikuwa wa ukoo wa Kiyahudi, Josef hakuwa na kazi. Kwa pendekezo la Philip Johnson wa yale makumbusho ya New York, ukaja mwaliko kutoka chuo kidogo kilichokuwa ndiyo kwanza kinafunguliwa milimani North Carolina, Marekani, kiitwacho Black Mountain College. Walifika Novemba mwaka huo. Kiingereza cha Josef kilikuwa cha kuokoteza. Mwanafunzi alipomuuliza anakusudia kufundisha nini, alijibu kwa maneno machache aliyokuwa nayo: kufumbua macho. Miaka 16 alikaa pale, katika chuo ambacho wanafunzi walilima shamba, walishiriki ujenzi, na maksi hazikuwa jambo la kuhangaikiwa.

Huko ndiko alikopita Ruth Asawa, na kwangu yeye ndiye ushahidi mkubwa kuliko wote wa ualimu wa Albers. Asawa alikuwa Mmarekani wa asili ya Kijapani, binti wa wakulima wa California, ambaye alifungiwa kambini na serikali ya nchi yake mwenyewe wakati wa Vita Kuu ya Pili. Alisomea ualimu, lakini chuki za wakati ule zilimfungia mlango wa kufanya mazoezi ya kufundisha, na bila hayo hakuna cheti. Mwaka 1946 akaenda Black Mountain. Albers alimfundisha kuchora nafasi tupu iliyo kati ya vitu, mpaka nafasi yenyewe iwe umbo. Mwaka uliofuata Asawa alikwenda Toluca, Mexico, akajifunza kwa wenyeji kusuka vikapu vya waya, na kutokana na hilo akaja kutengeneza sanamu zinazoning'inia, waya mtupu, umbo ndani ya umbo, unaona nje na ndani kwa wakati mmoja. Baadaye huko San Francisco alianzisha mpango wa wasanii kufundisha watoto katika shule za umma, wakitumia vitu vya kawaida kama unga, chumvi na katoni za maziwa. Shule ya sanaa ya umma ya mji ule leo ina jina lake. Sasa linganisha sanamu zake na miraba ya mwalimu wake: hazifanani hata kidogo. Mwalimu wa sanaa anayezaa nakala zake ni jambo la kawaida. Wa namna hii ni wachache.

Nisimpambe lakini. Albers alikuwa mkali, mara nyingine mkali kupita kiasi, na hakuwa na subira na mwanafunzi aliyetaka "kujieleza" kabla ya kujifunza kuona. Msanii Robert Rauschenberg, aliyefika Black Mountain kama mwanafunzi mwaka 1948, alisema baadaye kwamba Albers ndiye mwalimu muhimu kuliko wote aliowahi kuwa nao, na kwamba ana hakika Albers alimhesabu miongoni mwa wanafunzi wake wabovu kabisa. Msanii Eva Hesse, aliyemkuta Chuo Kikuu cha Yale, alikokuja kuhamia, mwishoni mwa miaka ya 1950, aling'ara katika somo lake la rangi huku akisongwa na masharti yake katika uchoraji. Wapo walioumia na kunyamaza. Ukisoma sifa zake, ziweke na hizi karibu.

Kwa upande mwingine, alijua kukaribisha watu ambao hawakufanana naye. Kiangazi cha 1946 alimwalika Jacob Lawrence, mchoraji Mweusi wa mtaa wa Harlem, New York, aliyechora watu, mitaa na historia, aje kufundisha katika jimbo ambalo sheria zake zilimtenga Mweusi kwenye treni, hotelini na mahakamani. Husimuliwa kwamba Albers aliwapangia Lawrence na mkewe behewa la peke yao ili wasilazimishwe kuhamia behewa la kibaguzi njiani. Lawrence, ambaye naye alikuja kuwa profesa, alisema kiangazi kile ndicho kilichomfungua kama mwalimu.

Kabla ya kufika kwenye miraba, lazima nipitie Mexico. Kuanzia 1935 Josef na Anni walikwenda huko mara nyingi, wakazunguka magofu ya kale ya Monte Albán, Mitla na Teotihuacan na kamera. Mwaka 1936 aliwaandikia rafiki zake wa zamani wa Bauhaus, akina Kandinsky, kwamba Mexico ndiyo nchi ya ahadi ya sanaa dhahania. Ulaya walikuwa wakibishana kama sanaa isiyo na sura ya mtu wala mti ni sanaa, na hapa palikuwa na kuta za mawe za karne nyingi zenye jibu tayari. Mwaka 1947 alianza mfululizo wa picha unaojulikana kama Variant au Adobe: mistatili miwili ya wima katikati, kama madirisha ya nyumba ya udongo, imezungukwa na tabaka za rangi. Nikiambiwa nichague picha moja ya Albers ya kuning'iniza nyumbani, ningechukua mojawapo ya hizi, niiache miraba. Zina joto zaidi. Hayo ni mapenzi yangu, si hukumu.

Mwaka 1950 alihamia Chuo Kikuu cha Yale kuongoza idara ya ubunifu (design), na mwaka huo huo, akiwa na miaka 62, alianza mfululizo alioupa jina la Homage to the Square, heshima kwa mraba. Hakuuacha mpaka alipofariki New Haven tarehe 25 Machi 1976. Picha zinazidi elfu moja. Na sasa tuingie ndani ya moja, maana hapa ndipo wanafunzi wako walipochekea.

Haikuchorwa kwenye turubai. Ni hadibodi, ile ya Masonite, mara nyingi upande wake wenye mikwaruzo, iliyopakwa tabaka kadhaa za rangi nyeupe ya msingi. Bodi ililazwa mezani, haikusimamishwa. Rangi ilitoka kwenye tyubu moja kwa moja, kwa kawaida bila kuchanganywa, na ilitandazwa kwa kisu cha rangi, tabaka moja, kila mraba ukifika mpakani na kuishia hapo pasipo kulalia mwenzake. Nyuma ya bodi aliandika kwa mkono jina la kila rangi na la kiwanda kilichoitengeneza, kwa sababu njano ya kiwanda hiki na njano ya kile, hata zikiitwa jina moja, hazifanyi kazi sawa. Zilikuwepo taa za mwanga wa joto na za mwanga wa baridi, aone picha inavyobadilika chini ya kila moja.

Vipimo navyo havibahatishi. Chukua bodi ya mita moja kila upande. Mraba unaofuata ndani una sentimita 80. Chini umebaki ukingo wa sentimita 5, kila ubavu 10, juu 15: moja, mbili, tatu. Mraba unaofuata unarudia hesabu hiyo hiyo. Ndiyo maana miraba haikai katikati, imetelemka, ina uzito chini na pumzi juu. Mipangilio ilikuwa minne tu, na hakuongeza wa tano kwa miaka 26. Kila kitu kimefungwa isipokuwa rangi.

Na rangi ndiyo inayofanya mambo. Katika picha moja mraba wa katikati unakuja mbele kama unataka kutoka ukutani, katika nyingine unazama kama shimo, ingawa vipimo ni vile vile. Mahali pengine mpaka kati ya miraba miwili unafifia mpaka hujui mmoja umeishia wapi, na hilo hutokea rangi zinapokaribiana kwa wepesi na uzito wake, yaani mwanga na giza lake. Pengine mraba wa kati ya miwili unaonekana kama mchanganyiko wao, kama vile moja ni karatasi angavu iliyolazwa juu ya nyingine, na wewe unajua hakuna chochote kilicholazwa. Kila picha ni jaribio jipya la maabara ile ile. Mwalimu aliyewahi kufundisha somo moja kwa mikondo minne kwa siku ataelewa kwa nini mtu anaweza kurudia jambo lile lile na bado asilichoke.

Niseme ukweli pia kwamba katika elfu na zaidi si zote zinazofanya kazi. Zipo zilizolala. Na zote zinaharibika kwenye simu. Kioo cha simu kinatoa mwanga wake, kinalainisha mikwaruzo ya kisu, na kila simu ina njano yake. Uliwaonyesha kwa projekta au kwa simu? Kama ndivyo, hawakuiona picha ya Albers, waliona mchoro wa mpangilio wake.

Mwaka 1963 Yale walichapisha Interaction of Color, kitabu alichokitoa kama zao la mazoezi aliyofanya na wanafunzi, na alisema wazi kwamba wao ndio waliomfundisha. Dai lake kuu ni kwamba rangi karibu kamwe haionekani kama ilivyo, inadanganya muda wote. Anaanza na kumbukumbu. Sema "nyekundu" mbele ya watu hamsini, kila mmoja atawaza nyekundu yake. Hata ukisema nyekundu ya tangazo la Coca-Cola, ambalo wote wameliona mara nyingi, watatofautiana. Kisha anatoa mfano wa vyombo vitatu vya maji, cha moto kushoto, cha baridi kulia, cha vuguvugu katikati: ukitumbukiza mikono miwili pembeni kisha ukaihamishia yote katikati, maji yale yale mkono mmoja utayahisi baridi na mwingine moto. Jicho nalo liko hivyo. Mwaka 1971 Makumbusho ya Metropolitan ya New York yalimpa maonyesho makubwa ya kazi zake za maisha, heshima ambayo kabla ya hapo hayakuwa yamempa msanii mwingine peke yake akiwa hai.

Sasa darasa lako. Habari njema ni kwamba Albers katika somo la rangi hakutaka rangi za maji wala brashi. Alifundisha kwa karatasi. Sababu zake zilikuwa za kifundi: kuchanganya rangi kunakula muda na vifaa, na rangi uliyoichanganya leo kesho huipati tena sawasawa, ilhali vipande viwili vilivyokatwa karatasi moja ni rangi ile ile bila ubishi. Wanafunzi wake waliokota mabaki ya viwanda vya uchapishaji, kurasa za majarida, karatasi za ukutani, hata majani yaliyokauka. Wewe una manila, majalada ya daftari, vipeperushi vya kampuni za simu, na kwa fundi cherehani kuna vipande vya vitambaa vya rangi moja vinavyotupwa kila siku. Vitenge vyenye maua viache kwanza, vitakuvuruga.

Anza na hili. Mpe kila kundi la watoto wanne karatasi mbili kubwa za rangi tofauti sana, tuseme njano na zambarau iliyokolea, ziwekwe ubavu kwa ubavu. Kutoka karatasi ya tatu, ya kijivu au ya kahawia, wakate vipande viwili vidogo sawa, kila kimoja kiwekwe katikati ya karatasi moja. Kazi ni kutafuta rangi ya tatu itakayofanya vipande hivyo vionekane rangi mbili tofauti kabisa. Watabadilisha mara nyingi kabla hakijatokea kitu, na hapo ndipo somo lilipo, usiwape jibu. Kundi likidai limefanikiwa, chukua ukanda mrefu wa ile karatasi ya tatu uupitishe juu kuunganisha vipande vyote viwili. Watapiga kelele, maana wataona kwa macho yao kwamba ni kitu kimoja. Ukiuondoa, macho yatadanganywa tena pale pale ingawa wanajua. Kijivu kinakuwezesha kuanza kwa urahisi: juu ya nyeusi kitang'aa, juu ya nyeupe kitakolea, juu ya nyekundu kitaelekea kijani.

Kipindi kingine fanya kinyume chake: rangi mbili tofauti zionekane moja kwa kubadilisha karatasi za chini yake. Hili ni gumu zaidi, na darasani kwangu huwa ndilo linalowanyamazisha wale wanaojiona wajuzi. Baada ya hapo piga kura. Inua karatasi mbili zinazokaribiana kwa wepesi na uzito, moja ya buluu na nyingine ya chungwa, uliza ipi nyepesi na ipi nzito. Wengi watakosea, maana tumezoea kudhani njano na chungwa lazima ziwe nyepesi. Albers aliona hata wanafunzi wake wa juu wakianguka hapo.

La mwisho halihitaji chochote ila duara jekundu la manila ubaoni na karatasi nyeupe pembeni yake. Walikodolee duara nusu dakika bila kupepesa, kisha wahamishie macho kwenye nyeupe. Wataona duara la kijani ambalo halipo. Waulize liko wapi.

Kazi zote zitandazwe sakafuni, watoto wasimame kuzunguka, kila kundi liseme lilichojaribu na kilichogoma. Albers alifanya hivyo, na kwa darasa la sitini ni nafuu pia kwa mwalimu: badala ya kusahihisha sitini unasahihisha kumi na tano, tena mbele ya wote. Wazuie kukata mioyo na nyota. Ukiwaachia maumbo, wataanza kushindana kwa umbo, na rangi itasahaulika.

Mambo hayo yakishapita, pengine wiki ya nne, ndipo uirudishe ile picha ya njano. Usiichukue kwenye simu. Watengeneze wenyewe kwa karatasi, bodi ya sentimita 40, vipimo vile vya moja, mbili, tatu: mraba wa kwanza wa ndani sentimita 32, ukingo wa chini 2, wa mbavuni 4, wa juu 6. Kila kundi lichague rangi zake tatu, kundi moja lipewe kazi ya kufanya mraba wa katikati uje mbele, jingine uzame, jingine mpaka wake upotee. Kisha mwambie yule mwenye mdogo wa chekechea apite kundi kwa kundi aseme nani amefaulu.